Nani Atamsukuma Mama Melini?

Jumamosi, 6 Septemba

Siku kubwa! Mama ametuita mimi na dada yangu. Alisema tuje haraka, tena wawili tu. Njiani nikawaza mabaya yote. Nilipofika nikamkuta kwenye kiti chake cha magurudumu, amevaa miwani ya kusomea, anatabasamu peke yake. Ameshinda! Chama cha wakunga wastaafu kimechezesha bahati nasibu, na jina la Mama limetoka la kwanza. Zawadi: safari ya meli ya kitalii. Wiki nzima baharini. Visiwa. Bwawa la kuogelea juu ya meli (maji juu ya maji!). Kula bila mtu kukuambia umekula sana. Zawadi ya watu wawili: Mama na msindikizaji.

Msindikizaji mmoja. Nikakaa vizuri ili nionekane msindikizaji.

Kuna kikwazo. Dada yangu mkubwa. Kwetu tunamwita Waziri, jina alilolipata akiwa bado mtoto, kwa kuwapanga foleni watu wazima dukani. Kabla sijafungua mdomo akasema yeye keshaamua atabeba masanduku gani. Nikasema kazi hii inataka mabega. Akauliza mabega yapi. Mama akatunyamazisha kwa kidole. Akasema wakala wa safari anataka jina la mtu wa pili Jumatano ya tarehe kumi na saba, na siku hiyo ndiyo atalitaja. Mpaka hapo tusimpigie kelele.

Nyumbani nimemweleza mke wangu. Alikuwa anasahihisha mitihani ya alama za barabarani, maana anafundisha shule ya udereva. Akaniuliza Mama mwenyewe anaitakaje safari yake. Swali la ajabu. Anataka kusindikizwa, basi!

Jumapili, 7 Septemba

Nimekwenda kwa Mama asubuhi kuanza kampeni. Nikamkuta Waziri keshafika. Anamkanda Mama miguu! Mama akamwambia mwanangu unajichosha bure, miguu hiyo haisikii kitu. Waziri akaendelea kukanda ili mimi nione.

Mpango wangu ulikuwa mkubwa zaidi. Nilikuwa nimekuja na utepe wa gundi. Nikachora chumba cha meli sakafuni pale sebuleni: kitanda hapa, bafu pale, dirisha la kuonea bahari upande wa kabati la vikombe ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuvinywea. Nikashika vishikio vya kiti, nikaanza kumsukuma Mama nimwonyeshe tutakavyoishi. Kona ya kwanza tukaingia kabatini. Vikombe vimepona. Visahani havikupona. Mama akauliza hicho tulichogonga, kwenye meli ni nini. Nikasema bahari.

Waziri akafagia huku anaimba. Mama akaitazama mikono yangu kwenye vishikio, kisha akatazama nje dirishani. Nadhani alikuwa ameanza kuota mawimbi.

Jioni mke wangu amempelekea Mama chakula. Amechelewa sana kurudi. Anasema walikuwa wanapiga soga.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimepita kwa wakala wa safari kabla ya kazi. Ofisi yake ni chumba kimoja juu ya duka la miwani: meza, feni, na picha kubwa ya meli iliyowekwa kuficha ufa wa ukuta. Nilipotaja jina la Mama akasimama. Kumbe Mama ndiye aliyempokea duniani! Alitoka miguu kwanza, na mpaka leo Mama akikutana naye humwita Kinyumenyume. Nikasema basi sisi ni ndugu, niandike mimi tumalize. Akasema jina atalitaja Mama. Nikambembeleza. Akakataa. Watu waliotoka miguu kwanza ni wakaidi.

Lakini habari nimezipata. Chumba chenye mlango mpana na bafu lisilo na kizingiti kimebaki kimoja, na ni cha Mama. Daraja la kupandia melini lina mteremko mkali, kwa hiyo msindikizaji awe na nguvu za kusukuma. Akauliza kiti ni cha mkono au cha betri. Nikasema cha mkono, injini ni mimi. Akaikagua injini kwa macho, akarudi kwenye karatasi zake.

Halafu ikaja habari tamu kuliko zote. Kwenye visiwa viwili meli haisogei ufukweni. Abiria wanashuka kwa boti ndogo, na boti hizo hazipakii viti vya magurudumu. Wakala aliomba radhi kwa masikitiko. Nikasikitika naye, usoni. Moyoni: Mama atapumzika kivulini, mimi nitashuka na kofia! (Sioni haya kuandika. Shajara ni yangu.)

Jumanne, 9 Septemba

Sisi kazini tunauza magodoro. Kazi yangu hasa ni kulala. Mteja akisita, nalala juu ya godoro mbele yake na kuonyesha raha. Wengine wananiamini hivi kwamba wananisubiri niamke ndipo walipe. Lakini leo nimegundua kuwa kulala hakujengi mabega. Nimeanza mazoezi. Kila godoro lililotakiwa mbele nimelisukuma mwenyewe kwenye kitoroli, mbio. Bosi akaniuliza kama nina homa.

Nikaomba likizo. Bosi hatoi likizo ya starehe, kwa hiyo nikasema ni ya utafiti: jinsi watu wanavyolala juu ya maji, na soko lake. Bosi akatafakari. Akasema wazo hilo halijawahi kumjia. Hata mimi lilinijia palepale! Amekubali, ila anataka ripoti yenye picha.

Waziri hana bosi. Anauza vitambaa dukani kwake na anafunga akijisikia. Huo si ushindani wa haki, lakini sitaki kuweka kinyongo. Nimekiweka kidogo tu.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo ilikuwa siku ya mteremko. Nyuma ya duka kuna njia ya kupakulia mizigo, inapanda kweli. Nimeazima kiti cha zamani cha Mama, kile chenye gurudumu linalolia. Kitini nikapakia mfuko wa saruji ulioachwa na fundi. Mfuko nikauvika kitambaa cha kichwa, ili mikono yangu izoee heshima. Chini nikapanga magodoro, kwa usalama. Mimi si mtu wa kubahatisha!

Kupanda: safi kabisa. Kufika juu: shangwe, za kwangu mwenyewe. Hapo simu ikalia. Waziri! Alitaka nijue kwamba amemaliza mafunzo ya huduma ya kwanza na mwalimu amemsifu mbele ya darasa. Nikauliza huduma ya kwanza ya watu gani. Akasema ya watu watakaosukumwa na wewe. Nikapandwa na hasira. Nikawa namjibu, namjibu vizuri, kisha nikagundua kwamba nimeshika simu kwa mikono miwili.

Kiti kikashuka kinalia njia nzima. Kikapiga magodoro, mfuko ukaruka, ukapita mlango wa nyuma na kutua dukani, juu ya godoro la springi ambalo mteja mmoja mama mtu mzima alikuwa ameketi akisitasita. Akarushwa juu yeye na mfuko, wakarudi chini pamoja, wakatulia bega kwa bega. Mfuko haukupasuka. Kitambaa hakikutoka.

Nikafunga macho. Mteja akasema godoro hilo analichukua, na la pili kama hilo kwa ajili ya dada yake. Bosi amenikumbatia! Anataka tufanye hivyo kila Alhamisi. Najisikia mwepesi. Jumatano haifiki tu!

Ijumaa, 12 Septemba

Hujuma! Nimekwenda kwa Mama baada ya kazi, sikumkuta. Mama, ambaye haendi popote bila mimi kupanga! Jirani amesema amekwenda kliniki. Amepakiwa kwenye gari dogo jeupe lenye kibao juu ya paa, na si mara ya kwanza, wiki hii ni karibu kila siku. Nikaelewa papo hapo. Teksi! Waziri amekodi teksi, anamtembeza Mama kumnunua moyo.

Nikangoja kibarazani. Mama amerudishwa jioni, nikiwa nimeingia ndani kunywa maji, kwa hiyo gari sikuliona. Alikuwa na vumbi kwenye miwani na anapiga mluzi. Nikamuuliza kliniki ilikuwaje. Amesema nzuri sana, ila daktari ni mkali. Anamkataza kutazama magurudumu. Anataka atazame mbele anakokwenda. Na leo amemsifu kwa kurudi nyuma. Sijawahi kusikia tiba ya namna hiyo, lakini dawa siku hizi zimebadilika.

Nikampigia Waziri kumwambia najua kila kitu kuhusu teksi. Akasema teksi gani, na kwamba ni mimi ninayemtoa Mama nyumbani kwa siri. Uongo mtupu! Nimemuuliza mke wangu, ambaye yuko barabarani kutwa, kama ameiona hiyo teksi. Akasema ameiona. Nikauliza dereva wake ni mtu wa aina gani. Akafikiri, akasema ni mwanamke mvumilivu sana.

Jumapili, 14 Septemba

Ushindi! Ushindi mtupu!

Waziri ndiye aliyetaka mashindano. Kituo cha afya alichofanyia kazi Mama kina njia ya mteremko mlangoni, na Jumapili hakuna watu wengi. Tulikubaliana kila mmoja ampandishe Mama, na Mama awe mwamuzi. Mama akakubali uamuzi lakini akakataa kusukumwa. Alihamia kwenye benchi kivulini, akaagiza kitini pake tuweke trei ya mayai. Atakayevunja machache ndiye bora.

Waziri akaanza. Alipanda kwa kuamrisha: mayai tulieni, gurudumu la kushoto fuata njia. Alipovuka kizingiti cha juu, yakalia kwa pamoja. Nusu ya trei ilikuwa uji. Alisema mayai yalikuwa mabovu tangu mwanzo.

Zamu yangu. Trei mpya. Hapo ndipo akili ilipofanya kazi: nikavua mkanda wangu wa suruali na kuyafunga mayai kitini. Mama si angefungwa mkanda? Basi na mayai. Nikaondoka kwa kasi. Katikati ya mteremko nikahisi upepo. Suruali! Ilikuwa magotini na inaendelea na safari. Kuachia kiti siwezi, kuinama siwezi. Nikaamua. Nimefika juu kwa hatua fupifupi, chupi ya kijani hadharani, mayai yote mazima. Muuguzi wa zamu alipiga makofi dirishani. Wagonjwa wawili walitoka kuangalia, mmoja alikuwa ameambiwa asisimame.

Mama alicheka mpaka miwani ikaanguka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu augue. Waziri amedai nifutwe kwenye mashindano kwa kukosa adabu, Mama akasema mayai hayajalalamika. Mke wangu amekaanga ya Waziri, tukala wote. Sasa ni kungoja Jumatano tu. Nimeshajaribu kofia mbele ya kioo.

Jumatatu, 15 Septemba

Waziri hajui kushindwa. Amemkumbusha Mama kwamba mimi natapika majini. Ni kweli kidogo. Nilitapika kwenye boti ya kanyagio, kwenye bwawa la bustani, nilipokuwa mdogo. Na mwaka jana.

Lakini dawa ninayo kazini! Tuna godoro la maji, liko pale dirishani miaka yote, hakuna anayelinunua. Nikapanda, nikamwomba Bosi alitikise ili nizoee. Kwa sababu ya utafiti alikubali kwa moyo mmoja. Alitikisa kidogo, nikatabasamu. Akatikisa zaidi, akauliza kama mawimbi yana ukubwa huo. Nikasema sijui. Akaita watu wa stoo wakamsaidie. Watu waliokuwa wakipita walisimama nje ya kioo kutazama. Nilikaza macho kwenye bango la punguzo la bei, lakini bango nalo lilikuwa linapanda na kushuka.

Sitaandika kilichofuata. Bosi amesema hayo nayo yaingie kwenye ripoti.

Jumatano, 17 Septemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Tulikubaliana kukutana kwa wakala. Ofisi yenyewe iko juu, lakini kwa ajili ya Mama alikuwa ameshusha meza na kuazima chumba cha mbele cha duka la miwani. Nilifika mapema na kofia ya nahodha. Waziri alifika na begi la huduma ya kwanza lenye msalaba. Hatukusalimiana. Tulijiona kwenye vioo vingi mno.

Mlango ukafunguka wenyewe, au ndivyo nilivyodhani. Akaingia Mama. Hakuna aliyemsukuma! Alikuwa kwenye kiti kipya cha betri, mkono wa kulia kwenye usukani mdogo, mgongo umenyooka. Akapita katikati ya meza mbili za miwani bila kugusa hata moja. Akasimama. Akatazama nyuma kushoto, akatazama nyuma kulia, akarudi kinyumenyume na kuegesha kati ya vyungu viwili vya maua, sawasawa. Nyuma yake akaingia mke wangu, mikono mgongoni, anatazama magurudumu kwa jicho la mtahini. Nje nikaliona gari lake. Jeupe. Kibao juu ya paa.

Nimeolewa na teksi! Hapana, nimeoa. Sijui naandika nini.

Wakala akauliza jina la mtu wa pili. Mama akataja la mke wangu. Akalitaja kwa sauti ileile aliyoitumia kuwaambia wazazi kuwa mtoto ni mvulana au msichana, na hakuna aliyewahi kumrudishia mtoto.

Waziri akasema yeye ndiye mwanawe wa kwanza. Mimi nikasema mayai.

Mama akasema, "Siku zote hizi mmegombea mgongo wangu. Anayenisukuma haoni uso wangu, na mimi wake siuoni. Nimeendesha pikipiki miaka yote ya kazi, mvua na matope, nikapokea nusu ya mji huu. Hakuna kati yenu aliyeniuliza kama nataka kusukumwa."

Mke wangu alimuuliza. Jumapili ile ya visahani, alipompelekea chakula. Mama akamwambia anataka kwenda mwenyewe, na mtu wa kwenda naye sambamba. Chama cha wakunga kikamwazima kiti, na mke wangu akawa anampeleka kwenye uwanja wa shule ya udereva, katikati ya zile koni, somo baada ya somo. Wakala alijua. Jirani alijua. Muuguzi wa zamu alijua!

Niliumia. Naandika wazi, niliumia kweli. Kofia ilinibana ghafla. Nilitoka nje, nikaketi kwenye ngazi, na baadaye Waziri akaja akaketi pembeni yangu. Akafungua begi lake la huduma ya kwanza na kunipa plasta. Nikauliza niibandike wapi. Akasema hata yeye hajui. Tukacheka, tukalia, tukacheka tena, watu wanapita na miwani mipya wanatuona vizuri kabisa.

Alhamisi, 18 Septemba

Asubuhi nimemwambia mke wangu kwamba kufundisha watu udereva kisirisiri ndani ya familia ni uhaini. Akasema Mama amefaulu mara ya kwanza, anasimama kwenye kivuko na anatoa ishara kabla ya kukata kona. Hakuongeza kwamba mimi amenifelisha kila mwaka tangu tuoane. Hakuhitaji.

Jioni Mama aliniita. Nikaenda moja kwa moja nyuma ya kiti, kwa mazoea. Akanionyesha stuli iliyo mbele yake. Nikakaa. Mikono sikujua niiweke wapi, nikaiweka magotini. Nilikuwa sijamtazama Mama usoni kwa muda mrefu hivyo tangu lini? Amezeeka vizuri. Ana kovu dogo juu ya nyusi, sijui la nini, nikamuuliza. La pikipiki. Tukaongea mpaka chai ikapoa, ikapashwa, ikapoa tena.

Akaniuliza bila kuzunguka, nilikuwa nataka nini kwenye meli ile. Nikaanza habari za mabega. Akainua kidole. Nikasema nilitaka anichague mimi.

Akasema, "Wewe nilishakuchagua zamani, mwanangu. Safari ni kitu kingine."

Nikalia. Akanipa kitambaa chake cha kichwa nijifute. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote za mwaka huu, na ilinijia hivihivi bila mpango wowote. Nilipotulia nikamuuliza kama kweli hakuna nafasi ya mtu wa tatu, hata sakafuni. Akasema hakuna.

Jumamosi, 27 Septemba

Bandarini. Meli ni ghorofa juu ya ghorofa, nyeupe, inaumiza macho. Waziri na mimi tulifika tukiwa na mpango. Siku hizi tunapanga pamoja! Mpango wenyewe: nimeficha begi la dawa za Mama ndani ya koti langu. Mama akishapanda, napiga kelele kwamba dawa zimesahaulika. Waziri anazimia mbele ya mlinzi. Napenya, napeleka dawa, napotea njia humo ndani, meli inaondoka. Nani atanitupa baharini?

Mama alifika amevaa suti yake ya kazi. Mabaharia wawili walimkimbilia wamsukume. Akapiga honi! Sikujua kama kiti kina honi. Wakaruka pembeni, na Mama akapanda daraja lote mwenyewe, polepole, macho mbele, mke wangu kulia kwake hatua kwa hatua. Kule juu aligeuza kiti akatupungia mkono. Watu waliokuwa kwenye foleni walishangilia. Nilishangilia kuliko wote, mpaka nikasahau mpango. Waziri akanifinya.

Nikapiga kelele za dawa. Waziri akazimia. Alizimia vizuri sana, kwa ujuzi, bila kuchafua begi lake. Mlinzi akainama. Nikaondoka! Nilikuwa nimefika katikati ya daraja niliposikia sauti ya Mama kutoka juu, ile ya wodini, inamwambia Waziri ainuke, sakafu ni chafu. Waziri akainuka palepale. Mlinzi naye akainuka. Akanishika koti.

Nikampa begi kwa heshima, nikasema ni dawa za mzazi wangu, nipeleke mwenyewe. Akalifungua. Soksi. Soksi zangu mwenyewe, zimekunjwa vizuri, na sandwichi ya kunifaa njiani kurudi nyumbani. Nikatazama juu. Mke wangu alikuwa ameegemea ukingo wa meli, ameshika begi halisi la dawa, ananipungia nalo.

Meli ikapiga honi kubwa. Ya Mama ikajibu. Hivyo ndivyo walivyoondoka.

Baba mkwe wangu naye alikuja kumuaga binti yake. Aligawana nami sandwichi. Ni mtu mtulivu, mjane, anaishi peke yake na ana nafasi nyingi sana katika siku zake.

Jumapili, 28 Septemba

Picha imeingia kwenye simu. Mama ukingoni, upepo umempiga kitambaa, anacheka na mtu asiyeonekana. Mke wangu ameandika kwamba Mama alikwenda kumwona nahodha na kumwuliza alizaliwa wapi, na anauliza kama nimekula. Nimekula. Nimeitazama picha hiyo tangu asubuhi, na kila nikiitazama nafurahi, kweli nafurahi.

Nimefikiri sana. Naandika hapa ili nisisahau: kosa langu lilikuwa moja tu, sikumuuliza mzee mwenyewe anataka nini. Siku zijazo nitauliza kwanza. Mimi ni mtu mpya!

Kwa hiyo leo mchana nimekwenda kwa baba mkwe nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka kuachwa atengeneze baiskeli yake kwa amani.

Nimeuliza, si nimeuliza? Basi. Wakala anasema mwezi wa kumi na mbili kuna meli nyingine, kubwa zaidi, na chumba chenye mlango mpana bado kipo, kwa mzee wa kiti cha magurudumu na msindikizaji wake. Waziri ameshaanza kushona pazia la kumkinga na jua. Tatizo ni moja, na si kubwa: mzee anatembea. Anatembea vizuri sana, hata baiskeli anapanda. Lakini jana pale bandarini nilimwona akishika kiuno. Alishika kabisa. Nimengoja alale kwenye kiti cha mapumziko, nikampima upana kwa utepe wa Waziri wa kupimia vitambaa, na anapita mlangoni bila shida yoyote.